Mjukuu si babu aliyerudi

Kama umewahi kulala Makambako, katika nyumba zilizo karibu na stesheni, unaijua honi ya treni ya TAZARA inapopita usiku. Mgeni hushtuka na kukaa kitandani. Mwenyeji hugeukia upande wa pili na kuendelea na usingizi. Jumapili ya leo nataka tutafakari habari za kijana mmoja asiyefanya hili wala lile. Yeye akiisikia honi hiyo hutoka nje na kusimama kwenye baridi mpaka behewa la mwisho lipite.

Kijana huyu amekulia Njombe mjini, kilomita kama 60 kutoka hapo, ambako hakuna reli. Alipokuwa mdogo alikuwa akiunganisha viberiti vitupu kwa uzi na kuvivuta sakafuni. Akiwa darasa la nne alitoroka nyumbani, akapanda basi dogo hadi Makambako, na jioni akakutwa stesheni akihesabu mabehewa. Sasa ana miaka 22, anapakia maparachichi kwenye magari msimu unapofika, na akipata nafasi huenda Makambako kuangalia treni za mizigo. Hasafiri popote. Anaangalia, kisha anarudi Njombe.

Alinifuata baada ya ibada, akaamkia, akaniuliza: "Mchungaji, kitu hiki kimetoka wapi?" Nikagundua kwamba majibu tayari alikuwa nayo matatu, na lililomleta kwangu ni kwamba moja kati ya hayo lilikuwa limemgharimu.

Jibu la kwanza ni la bibi yake. Marehemu babu, mzaa mama, alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, kilichokuwa kigumu kuliko vipande vyote kwa wingi wa mahandaki na madaraja yake. Alifariki miezi michache kabla ya mjukuu kuzaliwa, na mtoto akapewa jina lake. Unajua mambo yanavyokwenda baada ya hapo. Mama humwita mwanawe "baba". Bibi humwita "mume wangu", na akichelewa kurudi nyumbani humgombeza kama anavyogombezwa mume. Ni utani mzuri, nami nimelelewa ndani yake. Lakini kwa bibi huyu utani ulikuwa umevuka mpaka. "Huyu ni yule yule," husema. "Amerudi kuiangalia reli yake."

Jibu la pili ni la rafiki aliyelisoma kwenye simu: kwamba mtu huishi maisha mengi, na kijana wetu bila shaka alikuwa fundi wa Kichina aliyekufa kabla kazi haijaisha. Ni kweli wako Wachina waliofia hapa nchini. Makaburi ya wataalamu wao, wakiwamo wa reli hii, yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Lakini kutoka kaburi la Gongo la Mboto hadi kijana wa Njombe ni mwendo mrefu, na rafiki huyo hakuonyesha njia.

La tatu ni la mtu anayejiita nabii. Huyu alisema ni kifungo cha ukoo: babu ameacha madhabahu relini, na mjukuu ataendelea kuvutwa mpaka afe kwenye reli hiyo, isipokuwa atoe sadaka ya kukata. Kijana akatoa shilingi 300,000, fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya ada ya chuo. Wiki mbili baadaye alisikia honi na akatoka nje kama kawaida. Akarudi kwa nabii, akaambiwa sadaka haikutosha.

Ndugu msomaji, usicheke. Wengi wetu tuna kitu cha namna hii. Mwingine hajawahi kuiona bahari lakini akisikia taarabu machozi humlenga. Mwingine akifika kijiji fulani kwa mara ya kwanza huhisi amewahi kuishi hapo. Mtoto wa mkulima hushika gitaa asilofundishwa na vidole vikajua pa kwenda. Swali la kijana ni la haki. Nami nadhani sisi watumishi tunakosea tunapolijibu kwa kukemea tu, kisha tunashangaa watu wanapokwenda kuulizia kwingine. Mkoa wetu unajua gharama ya kutafuta majibu gizani. Mwanzoni mwa mwaka 2019 tulizika watoto wadogo hapa Njombe, na Serikali ikayahusisha mauaji yale na imani za kishirikina.

Sasa fungua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanamuuliza Bwana: aliyetenda dhambi ni nani, mtu huyu au wazazi wake? Soma tena swali hilo taratibu. Mtu alizaliwa akiwa kipofu. Kama dhambi ni yake mwenyewe, aliitenda lini, ikiwa si kabla ya kuzaliwa? Na kama si yake, basi ni ya ukoo. Yale yale ya rafiki mwenye simu na ya nabii, karibu miaka 2,000 kabla yao. Yesu akayakataa yote mawili. Hakuwapa jina la babu wala habari za maisha ya kwanza. Alisema kwamba ni ili kazi za Mungu zionekane ndani yake, kisha akatema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Mtu yule alikwenda Siloamu bila kuambiwa chanzo cha upofu wake.

Najua wapo watakaonijibu kwa Eliya. Je, Yesu hakusema kwamba Yohana Mbatizaji ndiye Eliya atakayekuja? Alisema, katika Mathayo 11. Lakini Luka 1:17 inaeleza kwa namna gani: katika roho na nguvu za Eliya. Yohana mwenyewe alipoulizwa kama yeye ni Eliya, alikana (Yohana 1:21). Na baada ya Yohana kukatwa kichwa, ni nani aliyeonekana mlimani pamoja na Musa? Eliya, akiwa Eliya. Kama angekuwa amegeuka kuwa Yohana, wanafunzi watatu wangemwona Yohana pale. Mafundisho kwamba roho zilikuwako kabla ya miili Kanisa liliyakataa rasmi katika karne ya 6, na Waebrania 9:27 inasema mtu hufa mara moja. Hapo sina haja ya kurefusha.

Kuhusu ukoo ndipo pagumu, kwa sababu ukoo ni kweli. Mathayo anaianza Injili yake kwa orodha ndefu ya mababu, ile tunayoirukaruka. Paulo anapomwandikia Timotheo anawataja kwa majina bibi Loisi na mama Eunike. Tunarithi sura, sauti, magonjwa, na wakati mwingine tunarithi nyumba iliyozoea ulevi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliripoti mwaka 2013 kwamba panya waliofundishwa kuogopa harufu fulani walizaa watoto na wajukuu waliokuwa wepesi kuitambua harufu hiyo hiyo. Ni jambo la kushangaza. Lakini ni panya na ni harufu moja. Kutoka hapo huwezi kuruka hadi babu na treni, ingawa kwenye simu watu huruka kila siku.

Nilimshauri kijana aende kwanza kwa mama yake, amuulize mambo ya kabla hajazaliwa. Mama alicheka. "Si nilikuwa nauza pale stesheni?" Alipokuwa na ujauzito wake aliishi Makambako, akiwauzia abiria chai na viazi vya kuchemsha. Aliendelea hata baada ya kujifungua, mtoto akiwa mgongoni, mpaka walipohamia Njombe akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni habari.

Kumbe honi ile aliisikia kabla ya kuliona jua. Na jambo hili si la kubuni. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Spence, walionyesha kwamba watoto wachanga walipendelea kisa ambacho mama zao walikisoma kwa sauti katika wiki za mwisho za ujauzito kuliko kisa kigeni. Msomaji wa Biblia hashangai sana: Elisabeti alipoisikia sauti ya Mariamu, mtoto aliruka tumboni.

Usiseme basi fumbo limekwisha. Kijana huyu ana dada aliyekulia kando ya sufuria hiyo hiyo ya viazi, akiisikia honi hiyo hiyo, naye hawezi kuvumilia kelele za treni. Tumbo moja, stesheni moja, mioyo miwili. Kinachobaki baada ya damu na baada ya masikio, mimi nakiita kipawa, kama Bezaleli katika Kutoka 31, ambaye Mungu alimjaza ustadi wa kuchonga na kufua dhahabu. Sisemi kila mvuto ni kipawa. Anayevutwa na mke wa jirani asije akanionyesha makala hii. Ila kuzipenda treni si dhambi ya kukatwa kwa shilingi 300,000. Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuzielewa, na chuo cha reli kipo Tabora. Ndiko kijana alikotaka kwenda tangu mwanzo, na ada aliyomkabidhi nabii ilikuwa ya huko.

Kwa bibi nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia kwa upole ninaloliamini: tukisema mjukuu ni babu aliyerudi, tumewapoteza wote wawili. Kijana anabaki bila maisha yake, akimalizia ya mwingine. Na mzee, aliyebatizwa kwa jina lake na anayengojea ufufuo kwa jina hilo, tunamnyima nafasi ya kuwa yeye mwenyewe.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kama huyu si yeye, mzee wangu yuko wapi?"

Nilimwambia yuko kwa Bwana, naye bado ni mume wake aliyemzika. Ndipo bibi akalia. Mama mwenye nyumba aliniambia baadaye kwamba hata siku ya mazishi hakulia hivyo, na mjukuu alipozaliwa aliacha kabisa kuomboleza, wakadhani ni nguvu.

Jumamosi iliyofuata walikwenda makaburini, bibi, mama na kijana. Palikuwa pameota nyasi hadi kufunika msalaba, kwa maana nani hupalilia kaburi la mtu aliyekwisha kurudi nyumbani? Kijana ndiye aliyeshika jembe. Bibi bado humwita mume wangu. Ada haijatimia, ameanza upya kuweka akiba, na safari hii fedha anazitunza mama yake.