Sayansi Kijijini: Chumvi ni Kutoa na Kupokea



Mwezi huu tuzungumze juu ya chumvi. Milanzi na Ufipa nzima, hakuna jiko lisilo na chumvi. Lakini je, umewahi kujiuliza chumvi ni kitu gani?

Tangu zamani watu waliitafuta chumvi kwa bidii. Kule Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu walichemsha maji ya chumvi kwa mamia ya miaka. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, walifanya vivyo hivyo. Maji yalikauka chunguni, chumvi ikabaki.

VITU VIWILI VYA HATARI

Chumvi ya kula ni muungano wa vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni sodiamu. Sodiamu ni metali, kama chuma na shaba. Lakini ni laini, hukatwa kwa kisu. Ikitiwa majini huweza kuwaka na kulipuka.

Kitu cha pili ni klorini. Klorini si metali. Ni hewa ya rangi ya kijani na manjano, nayo ni sumu. Mwaka 1915 hewa hiyo iliua askari vitani, katika nchi ya Ubelgiji.

Basi, vitu hivi viwili vya hatari vinakuwaje chumvi tunayokula?

ELEKTRONI MOJA INAHAMA

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi pana kiini. Kukizunguka kiini kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Elektroni hukaa katika matabaka.

Fikiri kwamba matabaka hayo ni mazizi, na elektroni ni mbuzi. Zizi la ndani huchukua mbuzi 2. Zizi linalofuata huchukua mbuzi 8. Atomi nyingi hutulia zizi la nje likiwa na mbuzi 8.

Sodiamu ina elektroni 11. Zimekaa hivi: 2, 8, na 1. Ile moja imebaki peke yake nje.

Klorini ina elektroni 17. Zimekaa hivi: 2, 8, na 7. Imepungukiwa moja tu.

Zikikutana, sodiamu hutoa elektroni yake moja. Klorini huipokea. Sasa kila moja ina 8 katika zizi la nje. Zote zimetulia.

Aliyetoa hubaki na umeme chanya. Aliyepokea huwa na umeme hasi. Atomi ya namna hiyo huitwa ioni. Chanya na hasi huvutana kwa nguvu. Kuvutana huko ndiko muungano wa ioni. Kwa kawaida metali hutoa, na zisizo metali hupokea.

Muungano huu ni imara. Chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka joto lipite nyuzi 800. Ukiitia majini, ioni huachana na kutawanyika. Lakini elektroni hairudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo maji ya chumvi hayalipuki, wala hayatoi hewa ya sumu.

MADINI JOTO

Sehemu nyingi za nyanda za juu zina upungufu wa madini joto, yaani iodini. Mvua za miaka mingi zimeyaosha kutoka ardhini. Mtu akiyakosa huweza kuvimba shingo. Uvimbe huo huitwa rovu. Baya zaidi ni kwa mama mjamzito. Mama akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni huweza kudumaa.

Ndiyo sababu miaka ya 1990 serikali ilitunga kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Kinachotiwa huitwa potasiamu iodeti. Nacho ni cha kutoa na kupokea. Potasiamu ni metali, hutoa elektroni moja. Kundi la iodini na oksijeni huipokea. Kiasi chake ni kidogo sana, huwezi kukiona wala kukionja.

Basi fanya hivi nyumbani:

1. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ile ya kupimwa kwa kopo huenda haina.
2. Iweke katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jua na moto. Unyevu na joto hupunguza madini joto.
3. Itie mboga inapokaribia kuiva.
4. Usizidishe. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kidogo kila siku kinatosha.

Wewe uliyejua kusoma, soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa. Msomee na jirani yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya sodiamu na klorini, nani hutoa na nani hupokea?
2. Kwa nini maji ya chumvi hayana hatari ya sodiamu wala ya klorini?
3. Chumvi inayouzwa dukani kwenu ina madini joto? Mmejuaje?