Ahadi ya Ibrahimu na cherehani cha dada

Juzi nilikwenda Mbagala kumsalimia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Pale pembeni ya dirisha, mahali ambapo siku zote kilikaa cherehani chake, palikuwa patupu. Nikamuuliza kama kimepelekwa kwa fundi. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili, akasema, "Nimepanda mbegu, mdogo wangu."

Mnaoishi mjini mnajua maana yake. Dada ana miaka tisa kwenye ndoa na hajajaliwa mtoto. Kanisani anakosali siku hizi (silitaji, na hata ningelitaja haingesaidia, maana hadithi hii haiko kwenye kanisa moja) aliambiwa kwamba ahadi aliyopewa Ibrahimu ni ya kila anayeamini, ila ili ifunguke lazima mtu atoe kitu kinachomuuma. Wanaiita mbegu ya Isaka. Dada akauza cherehani, akapeleka hela yote. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nane alipouliza mbona kimya, akaambiwa imani yake ina tobo.

Mimi si mchungaji. Ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza nani kasema, kasema lini, na karatasi iko wapi. Usiku ule nikafungua Biblia kama ninavyofungua mkataba ambao mtu amenitupia mezani akidai kuna kifungu fulani ndani yake. Nilitaka nikione hicho kifungu kwa macho yangu.

Sikukiona. Nilichokiona ni kitu tofauti kabisa.

Nendeni Mwanzo sura ya 15. Mzee wetu, wakati huo bado akiitwa Abramu, anamlalamikia Mungu kwamba hana mtoto na mali yake itarithiwa na mtumishi. Anaambiwa atoke nje atazame nyota. Anaamini, na kule kuamini tu kunahesabiwa kwake kuwa haki. Kisha anaambiwa alete ndama, mbuzi, kondoo dume na ndege wawili. Wale wanyama wakubwa anawapasua vipande viwili viwili, anavipanga vikitazamana. Kwetu hili linaonekana la ajabu, lakini watu wa Mashariki ya Kati ya zamani walilielewa. Waebrania hata leo wakisema kufanya agano wanatumia kitenzi cha kukata. Mlioagana mnapita katikati ya vipande, maana yake nikivunja neno langu na nipasuliwe kama mnyama huyu. Yeremia sura ya 34 inaitaja desturi hiyo hiyo. Mababu zetu hawakuwa mbali na hapo, walipochanjiana damu na kuwa ndugu. Wote wawili walichanjwa. Hakuna undugu wa kuchanjiana ambao mmoja anachanjwa na mwenzake anaangalia tu.

Sasa tazameni kinachotokea. Jua linazama, Ibrahimu anashikwa na usingizi mzito. Kinachopita katikati ya vipande ni tanuru linalofuka moshi na mwenge wa moto. Ibrahimu hapiti. Hata hatua moja! Mungu anapita peke yake na kubeba upande wote wa hatari mwenyewe.

Hapo lugha yetu ikanipa shida kidogo. Neno agano linatoka kwenye kuagana, na ile "-ana" ya mwisho tunaijua wote: kupendana, kupigana, kusaidiana. Lazima wawe wawili. Kwa hiyo Mswahili akisikia agano, kichwani mwake tayari kuna nipe nikupe. Labda neno ahadi lingetusaidia zaidi, nalo tumelitoa kwenye Kiarabu ambako lina maana ya agano vilevile; Wakristo wa Kiarabu hulitumia hata kuliita Agano Jipya. Na sisi tunasema ahadi ni deni. Deni la nani? La aliyeahidi. Aliyeahidiwa hadaiwi.

Mtu atasema, mbona Ibrahimu alitahiriwa, hilo si sharti? Kweli, lakini angalieni tarehe. Kutahiriwa kunakuja sura ya 17, Ibrahimu akiwa na miaka 99 na Ishmaeli 13. Alikwisha kuhesabiwa haki zaidi ya miaka 13 kabla ya hapo. Huu si ujanja wangu, ni hoja ya Mtume Paulo kwenye Warumi sura ya 4. Na kwenye Wagalatia sura ya 3 anaisukuma mbele zaidi. Watu wa Galatia, sehemu ambayo leo ni Uturuki, walikuwa wamefikiwa na walimu wakisema: imani ni nzuri, lakini mkitaka kuwa watoto wa Ibrahimu kweli kweli lazima mtahiriwe na kuishika sheria ya Musa. Paulo akawajibu kama wakili. Wosia wa binadamu tu ukishathibitishwa, hakuna anayekuja baadaye kuongeza masharti. Sheria ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Itaifutaje?

Someni tena. Imani ni nzuri, lakini ongeza kitu ndipo ahadi ifunguke. Ni maneno yale yale aliyoambiwa dada Mbagala. Wa Galatia waliambiwa waongeze tohara, wa kwetu anaambiwa aongeze cherehani. Tena wale wa Galatia walikuwa na unafuu, walau wao walikuwa wanaidai sheria ambayo Mungu mwenyewe aliitoa. Hii ya kwetu imeandikwa na nani?

Na mstari wanaoupenda kuunukuu, ule wa 14 unaotaja baraka ya Ibrahimu kuwafikia mataifa, huwa wanaukatia katikati. Nusu ya pili inasema tunachopokea kwa imani ni ahadi ya Roho. Haisemi gari, haisemi kiwanja. Na hapa nitasema jambo ambalo najua litamuumiza dada yangu akilisoma: haisemi mtoto pia. Sara aliahidiwa mtoto, na Isaka akazaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Lakini Paulo anaisoma ahadi ile ikielekea kwa Kristo na, kupitia kwake, kwa mataifa yote. Siwezi kuichukua nikamwambia kila mwanamke anayesubiri kwamba imeandikwa kwa jina lake. Ningependa iwe hivyo. Kumwombea nitamwombea, lakini kumwambia ameahidiwa nisichokiona kwenye maandishi siwezi.

Sheria ilikuwa ya nini basi? Paulo anaifananisha na yule mtumwa ambaye kazi yake ilikuwa kumchunga mtoto wa tajiri na kumpeleka kwa mwalimu. Sisi tungemfikiria dada wa kazi anayemshika mtoto mkono asubuhi hadi kituoni kusubiri basi la shule. Anamlinda, anamfokea, anamzuia asivuke barabara hovyo. Lakini si yeye anayeamua kama yule ni mtoto wa nyumba ile. Na tusiwasingizie Wayahudi kana kwamba walidhani wananunua upendo wa Mungu. Amri Kumi zenyewe zinaanza kwa kukumbusha kwamba Mungu alikwisha kuwatoa Misri. Walitolewa kwanza, sheria ikafuata.

Najua rafiki zangu wa Kikatoliki watanirushia Yakobo sura ya 2, kwamba imani bila matendo imekufa. Sina ugomvi nayo. Paulo mwenyewe anataka imani inayofanya kazi kwa upendo. Mti ulio hai huzaa, lakini embe halinunui mizizi. Tena kwa habari yenu, Wakatoliki na Walutheri waliogombania jambo hili tangu enzi za Martin Luther walikaa Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, wakatia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika Kristo, wala si kwa sifa yoyote tuliyo nayo. Wamethodisti nao wakaungana nao mwaka 2006. Watu waliogawanyika kwa karne karibu tano wameweza kukubaliana hapo. Halafu mtu na kipaza sauti chake chini ya turubai anakuja kuturudishia vyeti vya msamaha ambavyo Luther alivipigia kelele mwaka 1517.

Sisemi watu wasitoe sadaka. Paulo alichangisha sana, alizunguka miji akikusanya fedha. Lakini zilikuwa zinakwenda kwa maskini wa Yerusalemu, na sijaona mahali alipomwambia mtoaji kwamba bila hizo Ibrahimu si baba yake.

Kinachoniudhi zaidi ni lile neno "tobo". Ibrahimu aliyeamini ndiye aliyesema mkewe ni dada yake ili asiuawe, mara mbili. Ndiye aliyeona Mungu anachelewa akakubali mpango wa Sara, akazaa na Hajiri. Ndiye aliyecheka alipoambiwa Sara atazaa, na baadaye Sara naye akacheka. Kama imani inapimwa kwa kukosa tobo, mzee huyu angefukuzwa kwenye mkesha wa kwanza tu. Isaka alizaliwa kwa sababu aliyepita katikati ya vipande alikuwa mkweli.

Jumapili nilirudi Mbagala nikamsomea dada haya yote, kuanzia wale wanyama hadi Wagalatia. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono mapajani. Nilipofika kwenye usingizi wa Ibrahimu alinyanyua uso. "Kwa hiyo alikuwa amelala?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa amelala.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akageuka akatazama pale pembeni ya dirisha, akaniuliza, "Na cherehani changu je?"

Nilikuwa sina jibu. Tumeanza kuulizia bei Kariakoo.