Paa la asbesto: rahisi leo, ghali kesho

MJENZI wa Utende anapopiga hesabu ya paa hukabiliwa na mambo matatu: makuti, bati na chumvi. Makuti hupatikana hapo hapo kisiwani Mafia, lakini hudumu miaka michache tu na ni adui wa moto. Bati ni lazima livuke bahari hadi Kilindoni, kisha lisafirishwe kilomita 14 hivi hadi Utende, na kila hatua ina nauli na ujira wa wapagazi. Likishapigiliwa, upepo wa Ghuba ya Chole huanza kulila. Chumvi haina siku ya mapumziko.

Katika mazingira hayo, mtu akitokea na paa lisiloshika kutu, tena kwa bei ya kutupa, ni nani atakayekataa? Paa hilo ni asbesto. Watu huliita bati ingawa si chuma. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Halishiki kutu, halichomi kama chuma wakati wa jua kali, wala halipigi kelele masika yanapoanguka. Kwa sifa hizo, kwa miaka mingi ya karne iliyopita lilihesabiwa kuwa paa la heshima kwa shule, maghala, ofisi na nyumba za watumishi katika Afrika Mashariki. Nyuzi zenyewe hazikuwa mbali: migodi ya Zvishavane na Mashava nchini Zimbabwe ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wanaojulikana duniani.

Majengo ya enzi hiyo sasa yamezeeka. Kila linapobomolewa moja, mabati yake huhitaji mahali pa kwenda, na mahali rahisi kuliko pote ni kwa mtu asiye na fedha za bati jipya. Hapo ndipo soko linapodanganya. Bati la asbesto lililotumika si mali ya bei nafuu. Ni deni, na anayelipokea hulipokea pamoja na riba yake.

Deni hilo hulipwa kwa mapafu. Bati hilo likikatwa, likitobolewa au likivunjwa, hutoa vumbi lenye nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Zikivutwa ndani, mwili hauna njia ya kuziyeyusha. Matokeo yake ni makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu au matumbo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na kwamba vifo vinavyotokana na kuivuta kazini vinazidi 200,000 kila mwaka duniani. Mvutaji wa sigara hatari yake ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi.

Jambo linalovuruga hesabu ni muda. Ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40, pengine zaidi, kabla ya kujitokeza. Muuzaji hufunga hesabu zake jioni ile ile. Mnunuzi hufungua za kwake akiwa mzee, au hufunguliwa na watoto wake. Wala si lazima mtu awe mfanyakazi wa mgodini. Mwaka 1960, daktari J.C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma kutoka Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa migodini. Waliishi jirani tu. Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008, na Msumbiji ikafuata mwaka 2010.

Hata hivyo, hofu iliyopita kiasi nayo ni hasara. Paa la asbesto lililo zima, lisilobanduka wala kuvunjika, hutoa nyuzi chache sana. Kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo, WHO haijaona ushahidi thabiti kwamba asbesto ikinywewa huleta madhara. Adui ni vumbi. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba ambaye paa lake ni zima hana haja ya kulibomoa kesho asubuhi. Akilibomoa ovyo, ataigeuza hatari iliyolala kuwa hatari inayopepea uani.

Kwanza ajue alicho nacho. Siku hizi zipo shiti za saruji zisizo na asbesto, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Maabara pekee ndiyo hutoa jibu la uhakika. Paa la zamani la saruji lihesabiwe kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo.

Pili, lisiguswe bila sababu. Lisikwaruzwe ukungu kwa brashi ya chuma, lisitobolewe ili kupitisha waya, na mtu asilikanyage, kwani bati hilo likizeeka huvunjika ghafla, na aliye juu huanguka. Rangi inayofaa saruji, ikipakwa bila kukwangua, husaidia kuzifunga nyuzi. Vilevile lisiezekwe jikoni. Likipata moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Tatu, likilazimika kushushwa, kazi ifanywe na wenye ujuzi na vifaa. Bati hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, misumari hufunguliwa taratibu, na kila bati huteremshwa likiwa zima, halirushwi chini. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizo; inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi laini. Watoto na majirani wakae mbali. Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa na mama watoto. Mabati hufungwa kwa nailoni nzito mara mbili na kuwekwa alama.

Baada ya hapo huja swali gumu kuliko yote kwa mkazi wa Utende: yatupwe wapi? Kijiji hicho ndicho makao ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na matumbawe yaliyo mbele yake ndiyo huleta wageni wenye fedha za kigeni. Kutupa baharini ni kuharibu duka kwa mikono ya mwenye duka. Kuyaponda ili kujaza sakafu au kufukia mashimo ya njia ni kuwapa vumbi wapita njia. Kuyafukia kienyeji nyuma ya nyumba ni kumwachia mchimba msingi wa kesho. Kisiwa ni kidogo, na kilichofichwa leo kitafukuliwa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za taka hatarishi, inamtaka anayekusanya, kusafirisha au kutupa taka za aina hiyo awe na kibali. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Upande wa mafundi kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kasoro si uhaba wa vifungu, bali ni gharama. Kufunga, kupakia chomboni na kufikisha mzigo huo kwenye dampo lililoidhinishwa ni fedha, na mwenye kibanda cha vyumba viwili hana fungu hilo. Ukiachwa mzigo huo kwa mtu mmoja mmoja, usiku utafanya kazi ambayo mchana umeikataza.

Rwanda imetoa somo. Nchi hiyo iliamua kuyaondoa mapaa ya asbesto kwa mpango wa taifa unaosimamiwa na Mamlaka ya Nyumba, lakini tarehe ya mwisho imesogezwa zaidi ya mara moja, na kikwazo kikubwa kimekuwa gharama. Kama nchi yenye mpango imekwama hapo, isiyopanga fungu isitarajie miujiza.

Kwa hiyo, dawa ianzie kwenye zabuni. Taasisi yoyote inayobomoa jengo la zamani, ya umma au ya binafsi, iandike gharama ya kuondoa asbesto katika mkataba, na mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho mpaka aonyeshe hati ya kupokelewa kwa mzigo huo dampo. Mabati hayo yasiuzwe wala yasigawiwe kwa jina la msaada. Kwa upande wa Mafia, halmashauri na wenye hoteli wanaweza kukusanya mizigo midogo midogo na kuisafirisha kwa pamoja, kwa kuwa chombo kimoja kilichojaa ni nafuu kuliko safari kumi za gunia moja moja.

Mjenzi wa Utende naye abaki na hesabu yake ya zamani: makuti au bati. Makuti yakichakaa, minazi ipo. Bati likiliwa na chumvi, litanunuliwa jingine. Mapafu hayauzwi dukani, si Kilindoni wala Kariakoo.