Kisomo cha Kufunga Barua

Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, faida iliyohubiriwa majukwaani ilikuwa ya wazi: mkulima ataweza kusoma maelezo ya mbolea, na mama ataisoma kadi ya kliniki ya mwanawe. Iko faida nyingine ambayo haikusemwa sana. Mtu asiyejua kusoma hana siri. Barua ya mumewe aliye mbali humlazimu kumpa kijana wa jirani amsomee, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima wajua ni shilingi ngapi zilizotumwa na nani anagombana na nani. Siku mama yule alipoisoma barua kwa macho yake mwenyewe, alirudishiwa mlango wa nyumba yake.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu limerudi kwa sura mpya. Simama nusu saa kando ya kibanda cha wakala wa fedha za simu, mjini ama kijijini. Utamwona mzee akifika, akimkabidhi kijana simu yake, kisha akimtajia namba yake ya siri kwa sauti ambayo hata wauza mchicha waisikia. Mzee huyo si mjinga. Yamkini yu miongoni mwa wale waliopita katika madarasa ya kisomo, kazi kubwa iliyofanya watu wazima wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa 67 katika kila 100, wabaki 39 ilipofika mwaka 1975. Lakini elimu aliyopewa ilikuwa ya karatasi na kalamu, na leo mali yake haikai katika karatasi.

Nani kati yetu asiyepata kupokea ule ujumbe wa kumwagiza eti ile fedha aitume kwenye namba nyingine? Serikali ilianza kusajili laini kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, na mwezi Januari 2020 ikaanza kuzifunga zisizosajiliwa. Hatua ile ilikuwa ya haki, nasi tuliifurahia. Hata hivyo matapeli hawakukoma. Siku hizi mmoja hujifanya rafiki, akakuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia katika simu yako "kwa makosa." Ukimsomea, umempa WhatsApp yako, na saa hiyo hiyo ataanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako. Mwizi huyo hakuvunja dirisha wala kutoboa ukuta. Alibisha hodi, akakaribishwa.

Wenzetu wa Australia waliliona hitaji hili mapema. Mwezi Agosti 2012, baada ya Bunge la nchi hiyo kupitisha sheria mpya kuhusu makosa ya mitandao, mwanamke mmoja wa Melbourne ajulikanaye kwa jina la Asher Wolf alitoa wazo kwamba watu wakutane na simu na kompyuta zao, wanaojua wawafundishe wasiojua namna ya kulinda mawasiliano yao. Mikutano hiyo ikaitwa CryptoParty, na baada ya majuma machache wazo likawa limefika Berlin na miji mingine mingi. Msingi wake ni kwamba anayeanza kabisa ndiye mgeni wa heshima. Sisi twasema kwamba jambo hilo si geni kwetu hata kidogo, kwani darasa la chini ya mwembe, analoliongoza jirani aliyetangulia kidogo, tulikuwa nalo zamani.

Na somo lenyewe halitishi kama lisikikavyo. Wazee wa mwambao walikuwa na kinyume, yaani kuichukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo, hata nyumba ikawa "mbanyu" na kesho ikawa "shoke," ili wageni wasielewe. Huo ulikuwa usimbaji, ingawa ulikuwa dhaifu, maana aliyeijua hila alijua yote. Usimbaji wa leo umejengwa kwa namna nyingine: hila yake yajulikana na kila mtaalamu duniani, na nguvu yote iko katika ufunguo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo ambalo laweza kuelezwa kwa kufuli za dukani. Mama wa Tanga awagawie watu wote kufuli zake zikiwa wazi, na ufunguo abaki nao yeye. Yeyote aweza kutia barua sandukuni na kuibana kufuli. Akiisha kuibana, hata yeye mwenyewe hawezi kuifungua tena. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa ufunguo wa namna hii tangu Aprili 2016. Kampuni yaona nani amemwandikia nani, na saa ngapi, ila maneno yenyewe haiyaoni. Ujumbe mfupi wa kawaida haukufungwa hivyo, na kampuni ya simu yaweza kuusoma. Kwa hiyo mwenye simu ndogo ya tochi afundishwe wazi kwamba huko hapaandikwi siri.

Watakuwapo watakaonung'unika kwamba mtu mwema hana cha kuficha. Msemaji wa maneno haya, ukienda kwake usiku, utamkuta amefunga mlango kwa komeo. Wengine watasema kwamba kufundisha usimbaji ni kuwafundisha wahalifu, na mwezi Oktoba 2023, watumiaji wa VPN walipotakiwa wajiandikishe, hofu ya namna hii ilizidi, hata watu wasio na hatia wakaona kwamba kulinda mawasiliano ni jambo la kunong'onezwa. Hofu hiyo yawadhuru wasiohusika. Mhalifu hangojei darasa la kata, amekwisha kujifunza. Anayengoja ni mweka hazina wa kikoba, mwenye fedha za akina mama thelathini katika simu moja, na namba ya siri ambayo ni mwaka wake wa kuzaliwa. Katiba yetu, katika ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze. Sheria hiyo ni njema, lakini yamsemesha mwenye ofisi. Mwenye taarifa naye hana budi kufundishwa.

Kwa hiyo twapendekeza madarasa haya yaanze katika vikao vya vikoba, katika madrasa baada ya Alasiri, katika kumbi za makanisa na ofisi za kata, na yasiwe ya chama wala ya kampuni yoyote, pasiwe na kiingilio wala bidhaa ya kuuzwa mlangoni. Watu kumi watosha, na saa mbili zatosha kwa mara ya kwanza: kufunga kioo cha simu, kubadili namba ya siri, kuongeza uthibitishaji wa hatua mbili katika WhatsApp, na kuzoea kukataa tarakimu zinapoombwa. Mazoezi hayo ya kukataa yafanywe kwa mdomo, mmoja akijifanya tapeli, maana ulimi wa mtu mpole ndio mgumu kuufundisha kuliko vidole. Mwalimu atakayemwambia mwanafunzi amtajie namba yake ya siri ili "amsaidie" aondolewe siku hiyo hiyo. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ichape kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili cha watu na kwa herufi kubwa, kwa kuwa wengi wa watakaokuja wameisahau miwani nyumbani.