Meza ya Kwanza ya Keja Yako, Jitengenezee

Wasee, leo nitawakera kidogo, lakini someni hadi mwisho kabla hamjaanza kunitukana.

Meza ya kwanza unayoweka kwa keja yako usinunue kwa mkopo. Itengeneze. Wewe mwenyewe, na mbao, msumeno, gundi na skrubu. Na kama hujawahi kushika nyundo maisha yako yote, wewe ndiye ninayeongea na wewe zaidi.

Nasema hivi kwa sababu nimechoka kuona watu wa rika langu wakianza maisha na deni la fanicha. Mtu amepata kazi ya kwanza juzi, mshahara haujazoea hata jina lake, na tayari kuna kochi la kulipia, meza ya kulipia na stendi ya TV ya kulipia. TV yenyewe bado haijanunuliwa. Ukiuliza mbona, unaambiwa, "Si lazima keja ikae vizuri?" Ikae vizuri kwa nani? Kwa wageni wawili wanaokuja Jumapili, ama kwa kamera?

Jirani yangu mmoja alichukua meza ya kusomea kwa mpango wa lipa mdogo mdogo. Elfu mbili kila mwezi, miezi sita. Hiyo ni elfu kumi na mbili. Bei ya pesa taslimu ya hiyo hiyo meza ilikuwa elfu nane na mia tano, kwa hivyo alilipa zaidi ya thao tatu kwa sababu tu hakuwa na pesa yote siku ile. Jina la duka silitaji, na si duka moja pekee linalofanya hivi. Meza yenyewe ilikuwa chipbodi.

Sasa tuelewane kuhusu chipbodi. Hiyo si mbao iliyopasuliwa kutoka kwa gogo. Ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa, halafu vikafunikwa na karatasi au plastiki yenye picha ya mbao. Ikikaa mahali pakavu na isiguswe, itakuhudumia. Shida ni kwamba maisha yetu si ya kukaa mahali pakavu bila kuguswa. Maji yakiingia kwa ukingo, inafura, na ikifura hairudi. Skrubu ikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu, tundu linalegea na hakuna kitu cha kushikilia tena. Na sisi si tunahama! Landlord akiongeza kodi tunahama, maji yakikatika miezi miwili tunahama, kazi ikibadilika tunahama. Meza ya hivyo ikipanda pikapu mara mbili, mara ya tatu inashuka ikiyumba. Na pengine bado uko na malipo ya mwezi wa tano.

Haya, hesabu yangu hii hapa. Meza ya urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 75. Miguu minne ilihitaji futi kumi za mbao ya mbili kwa mbili. Fremu ya juu, futi kumi za tatu kwa moja. Uso wa meza, vipande vinne vya sita kwa moja, kila kimoja futi nne, jumla futi kumi na sita. Yote saiprasi. Kwa yadi niliyonunua, mbili kwa mbili na tatu kwa moja zilikuwa shilingi 30 kwa futi, na sita kwa moja 55. Hiyo ni 300, 300 na 880, jumla 1,480. Kupigwa randa kwa mashine, 180. Skrubu 150, gundi 250, msasa 100, vanishi 450. Piga hesabu: 2,610.

Vifaa je? Msumeno wa mkono 500, nyundo 450, tepu ya kupimia 200, skwea 350, bisibisi 150. Hiyo ni 1,650 nyingine, na hizo hazitupwi baada ya meza moja. Drili niliazima. Kwa hivyo meza na vifaa vyote ni 4,260. Bei za yadi ya kwenu zinaweza kuwa juu au chini, lakini nenda ukaulize halafu ulinganishe na elfu kumi na mbili ya mkopo.

Najua tayari kuna mtu anasema, "Lakini mimi sina ufundi." Sawa, lakini ufundi unaohitajika kwa meza ya kwanza ni mdogo kuliko ulivyotishwa. Ukiwa yadini, inua mbao, iweke jicho kwa ncha moja na uangalie urefu wake kama unalenga bunduki. Ikiwa imepinda, rudisha. Ikiwa nzito sana na baridi ukiigusa, ina maji bado, na itajipinda ikiwa kwako. Vifundo vikubwa katikati ya mguu, kataa. Yadi nyingi zina mashine na watakukatia kwa vipimo ukiwapa, kwa hivyo caretaker hatakuja kugonga mlango kwa sababu ya kelele. Nyumbani unaunganisha tu.

Ukiunganisha, toboa tundu dogo kabla ya kuingiza skrubu, la sivyo mbao itapasuka karibu na ncha. Fremu ikishaundika, pima kutoka kona hadi kona, halafu kona zile zingine mbili. Vipimo vikilingana, pembe zako ziko sawa. Visipolingana, sukuma kona ile ndefu hadi vilingane kabla gundi haijakauka. Kwa uso wa meza, acha nafasi ya milimita mbili hivi kati ya kipande na kipande, kwa sababu mbao hupanuka hewa ikiwa na unyevu na kunywea wakati wa kiangazi. Ukizibana kabisa zitasukumana hadi zipinde. Hayo ndiyo mambo makubwa. Mengine ni subira na msasa.

Na wale wa kuokota paleti, angalieni muhuri uliochomwa pembeni. Ikiandikwa HT, ilitibiwa kwa joto. Ikiandikwa MB, ilitibiwa kwa gesi ya methili bromidi, na hiyo usiingize chumba unacholala.

Sasa nije kwa wenzangu wa kontenti, kwa sababu sisi ndio tumeharibu hii story. Kuna kundi moja linaonyesha keja zilizojaa vitu walivyopewa bure watangaze, halafu mtoto wa watu anakopa ili afanane nao. Kundi la pili ni wale wa video za useremala kutoka nje. Jamaa yuko kwa gereji kubwa kuliko ploti nzima tunayoishi, ana mashine za malaki, na anakwambia kwa tabasamu kwamba hii ni rahisi sana. Ukimaliza kutazama unajua jambo moja tu: wewe huwezi. Kundi la kwanza linakuuzia aibu na la pili linakuuzia woga, na yote mawili yanaishia dukani.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka wa 1974 kuna mbunifu wa Italia, Enzo Mari, alitoa michoro 19 ya fanicha: meza, viti, vitanda, kabati. Zote za mbao za kawaida na misumari, kazi ya nyundo. Mtu yeyote aliyetaka michoro alituma tu pesa ya stempu. Huyu hakuwa mtu wa mtaani aliyekosa kazi, alikuwa jina kubwa kwa ubunifu. Na hakufanya hivyo ili watu waokoe pesa tu. Alitaka mtu akishajenga meza moja kwa mikono yake aanze kuelewa vitu vinavyouzwa madukani, aweze kuviangalia na kuvihukumu. Hapo ndipo na mimi nimesimama. Ukishajenga meza moja, hutaingia tena dukani kama kipofu. Utainama uangalie chini ya meza. Utauliza mguu umeshikiliwa na nini. Muuzaji ataanza kukuogopa, na ni vizuri.

"Lakini unawanyima mafundi kazi." Hii ndiyo napewa kila mara, na wengi wanaoisema wamekalia kochi la kontena. Kwanza, mimi nilimlipa fundi mmoja wa Gikomba siku mbili anionyeshe kushika msumeno na kunoa randa. Alipata pesa yake na mimi nikapata elimu. Pili, anayemmaliza fundi wa Ngong Road si msichana anayejitengenezea meza moja. Ni chipbodi ya mkopo inayouzwa kwa jina la fanicha ya kisasa. Tatu, watu wanaowaumiza mafundi zaidi ni wale wasiojua kazi. Mtu anataka kabati la milango mitatu kwa bei ya mbao peke yake, halafu analalamika fundi ni mwizi. Jaribu wewe kunyoosha mlango mmoja tu ufunge vizuri. Siku hiyo utamheshimu fundi na utamlipa bila kelele.

Na sisemi ujenge kila kitu. Kabati kubwa, kochi, kitanda cha ghorofa cha watoto, peleka kwa fundi. Kitu kikivunjika na mtu aumie, si mahali pa kujifunzia. Mimi nasema meza, stuli, shelfu, rafu ya viatu. Vitu ambavyo vikienda mrama, unafungua skrubu na kuanza tena.

Kuna lingine. Nikienda yadi, swali la kwanza huwa, "Mrembo, umetumwa na fundi gani?" Sijatumwa na mtu, boss. Nikipandisha picha, mtu anauliza kama sina mwanaume wa kunisaidia. Madame, nawaambia nyinyi hasa: mbao haijui wewe ni nani. Inajua kama umepima vizuri ama hukupima. Na hakuna raha kama kuhamia keja mpya, kufungua vitu vyako na bisibisi yako, na kuvifunga bila kumpigia mtu yeyote simu.

Mathe wangu ana mwiko aliochonga akiwa darasa la saba. Bado unasonga ugali. 8-4-4 ilipoanza mwaka wa 1985 ilikuja na masomo ya mikono: sanaa na ufundi, sayansi ya nyumbani, kilimo. Shule nyingi hazikuwa na vifaa, masomo yakawa mengi mno, na baadaye yakapunguzwa. Sisi tuliokuja mwisho mwisho tulipata vitabu na mitihani. Tukaambiwa kazi ya mikono ni ya aliyefeli. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ikitushinda nyumbani, na jambo la kwanza nililosikia kwa watu wa ukoo ni kwamba sasa nitaishia jua kali, kana kwamba ni kaburi. Wale wale waliosema hivyo wanalalia vitanda vilivyotengenezwa jua kali.

Hiyo ndiyo inaniuma. Tumelelewa tukiamini kwamba mtu mwerevu hununua na mtu aliyeshindwa hutengeneza. Matokeo yake ni kizazi chenye simu nzuri na mikono isiyoweza kukaza mlango unaolegea. Halafu tukikosa kazi tunajiona hatuna chochote, kwa sababu kila tulichofundishwa kinategemea mtu mwingine atuajiri. Meza moja haitamaliza ukosefu wa kazi Kenya, sijasema hivyo. Lakini itakupa ushahidi, umesimama kwa miguu minne, kwamba unaweza kuanza kitu na kukimaliza bila barua ya kukubaliwa.

Na kama unajali miti, hili ni lako pia. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, na ilipofika Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa. Watu wamebishana sana kuhusu hilo, na wataendelea. Lakini kama mti umeshakatwa, heshima ndogo tunayoweza kuupa ni kuufanya kitu kitakachokaa miaka ishirini. Meza ya saiprasi ikikwaruzwa unaipiga msasa na vanishi. Ikilegea unakaza. Ukichoka nayo unaikata inakuwa stuli mbili. Chipbodi ikifura unaitupa nyuma ya ploti.

Kwa hivyo kabla ya kuweka sahihi kwa ule mkataba wa miezi sita, fanya hivi. Jumamosi asubuhi, beba tepu na karatasi yenye vipimo. Nenda yadi ya mbao iliyo karibu na kwenu. Uliza bei ya futi ya mbili kwa mbili, ya tatu kwa moja na ya sita kwa moja. Usinunue kama hutaki, uliza tu, piga hesabu ukiwa hapo hapo. Wakikuuliza umetumwa na fundi gani, unajua cha kuwaambia.