Pumu haipigi hodi, dawa isisubiri

Mwenye pumu hajui kesho kifua kitabanwa na nini. Inaweza kuwa moshi wa mkaa wa jirani, dawa ya mbu ya kuchoma, baridi ya Julai, mafua aliyoambukizwa na mtoto, au udi uliofukizwa harusini. Kinachomwelemea mmoja hakimgusi mwenzake, na alichokivumilia jana leo chaweza kumkesheza ameketi kitandani. Ndiyo maana ushauri tuliouzoea, "epuka vumbi na moshi", ni wa kweli lakini hautoshi. Anayeishi chumba kimoja Manzese au Kibera hana pa kuukimbilia moshi wa jirani. Kwa kuwa kichocheo hakina ratiba, tiba ndiyo iwe na ratiba: mgonjwa atumie dawa ya kinga kila siku, asingoje siku ya kubanwa.

Sababu iko ndani ya mapafu yenyewe. Njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku anayopanda ngazi bila taabu. Moshi ukija huwa ni cheche iliyokuta kuni kavu. Inhela ya salbutamol, ile ya buluu inayojulikana na wengi, hulegeza misuli ya njia hizo ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe hubaki palepale. Ya kuushughulikia ni inhela yenye dawa ya jamii ya steroidi, kama budesonide; hiyo ndiyo dawa ya kinga. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 GINA, mpango wa kimataifa unaotoa mwongozo wa tiba ya pumu, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa inhela ya buluu peke yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka huohuo pumu iliua watu 455,000 duniani. Vifo vingi vya pumu hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, ambako dawa ni haba na ugonjwa hauchunguzwi ipasavyo.

Wapo wanaosema inhela "inazoesha", ni ya mgonjwa aliyefika mwisho, heri vidonge. Lakini kidonge cha salbutamol huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, na njiani huacha mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja panapohitajika, kwa kipimo kidogo zaidi. Hata steroidi inayoogopwa, ikivutwa kwa kipimo cha kawaida, usumbufu wake mkubwa ni utando mdomoni na sauti kukwaruza, na kusukutua maji baada ya kuvuta hupunguza hayo. Anayeishika inhela ya buluu kila siku hajaizoea. Anatuonyesha kwamba uvimbe wake haujatibiwa.

Pingamizi zito zaidi ni bei. Anayelipwa kwa kutwa hanunui dawa ya mwezi ilhali anapumua vizuri, na hatuna haki ya kumlaumu. Baadhi ya gharama hukwepeka: chupa ya maji ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara, hushika nafasi ya chombo cha dukani na kumsaidia mtoto kuvuta dawa ifike mapafuni badala ya kuishia kooni. Watafiti wa Afrika Kusini walilithibitisha hilo tangu miaka ya 1990. Lakini chupa bila dawa ni chupa tu. Inhela ya kinga imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, basi mahali pake ni kwenye rafu ya zahanati na katika malipo ya bima. Mgonjwa wa presha hatumwambii asubiri aanguke ndipo ameze kidonge. Zahanati inayompa huyo vidonge vya mwezi mzima impe na mwenye pumu inhela yake ya kinga, akiwa bado anapumua vizuri.