Giza Linalouzwa Mezani

Kwamba mtu anaweza kuujua upofu kwa kula mlo mmoja gizani ni dai lenye wafuasi wengi siku hizi, na wafuasi hao si wajinga. Aghalabu ni watu waliosoma, wenye huruma, na wenye fedha za kuilipia huruma yao. Dai hilo lina nyumba yake, na nyumba hiyo yastahili kuelezwa kwanza, ili lawama isiangukie pasipostahili.

Mwaka 1999, katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, ulifunguliwa mkahawa uitwao Blindekuh. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo mchungaji asiyeona. Fikira yenyewe ilikuwa na mzazi wake: mwaka 1988 Andreas Heinecke alianzisha Ujerumani maonyesho ya gizani, ambamo wasioona waliwaongoza wenye macho. Basel ilipata tawi la Blindekuh mwaka 2005. Paris ilikuwa imekwisha pata nyumba ya namna hiyo, Dans le Noir?, mwaka 2004, na London ikafuata mwaka 2006.

Mume na mke wanaokwenda huko kusherehekea mwaka wa kumi wa ndoa yao huacha mlangoni simu, saa zing'aazo na kila kitu kiwezacho kutoa nuru. Mtumishi asiyeona huja kuwapokea. Mke humshika mtumishi bega, mume humshika mkewe, nao huingizwa ndani mfano wa mabehewa nyuma ya gari moshi. Wakiisha keti huonyeshwa kwa sauti mahali pa bilauri, na sahani husomwa kama uso wa saa: nyama iko penye saa sita, mboga penye saa tisa. Kisha uma huinuka mtupu mara tatu, mara nne, na mwisho vidole hushuka sahanini kwa siri ambayo hakuna wa kuifichua. (Mtu wa pwani aliyelelewa kula kwa mkono angekuwa amekwisha nawa hali jirani yake Mswisi angali akiwinda kiazi chake.) Mtumishi hupita baina ya meza na bakuli la mchuzi wa moto wala hamwagi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini humu ndani mwenye macho huambiwa kila kitu, na bila kuambiwa hapati hata maji.

Mpaka hapo hapana dhambi. Dhambi huzaliwa mlangoni, wakati wa kutoka, wageni wanapopepesa macho kwenye taa na kusema kwa sauti ya upole: "Sasa tumejua."

Wamejua nini? Wamejua saa ya kwanza ya mtu aliyenyang'anywa macho ghafula katika nyumba ya kigeni. Mtu aliyetumbukia baharini kwa mara ya kwanza akanywa maji ya chumvi hakujua maisha ya mvuvi, alijua kuzama. Asiyeona ana miaka nyuma yake. Masikio yake yamefundishwa, miguu yake ina hesabu zake, na vidole vyake, kama amesomeshwa, husoma maandishi ya nukta ambayo Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829. Ustadi huo ni kazi ya miezi na miaka. Haupatikani baina ya mchuzi na matunda.

Basi mgeni huchukua udhaifu wake mwenyewe wa usiku mmoja, akamvika mwenzake maisha yake yote. Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa Arielle Silverman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, na wenzake wawili. Watu wenye macho walifungwa vitambaa wakapewa mambo ya kutenda. Walipofunguliwa waliulizwa juu ya uwezo wa wasioona kufanya kazi na kujitegemea, na makadirio yao yakawa chini kuliko ya wale ambao hawakufungwa. Uchunguzi huo haukufanywa mkahawani, na mkahawa una mtumishi stadi wa kuikanusha hofu ya mgeni. Lakini mgeni anayejililia nafsi yake gizani, je, humwangalia mtumishi?

Hapo hutolewa methali kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na kwa hiyo ni vema walio hai walionje kaburi kidogo. Methali ni kweli. Matumizi yake ni matusi. Nani aliyesema kwamba asiyeona yumo kaburini?

Wako pia wanaotaka nyumba hizi zifungwe, ati zinafanya ulemavu kuwa mchezo. Hao nao wamekosa. Katika chumba kile asiyeona ndiye mwenye elimu, naye hulipwa kwa elimu yake. Mwenye kuufunga mlango huo amwonyeshe kwanza mlango mwingine ulio wazi. Na hapa ndipo penye aibu ya kweli, wala si ya mkahawa. Mwajiri aliyemkabidhi mtumishi huyu mwili wake na wa mkewe usiku wa Jumamosi, je, Jumatatu atampa meza katika ofisi yake yenye taa? Kama atasita, basi alichokiamini ni giza. Mtu hakumwamini kamwe.

Kuhusu mchezo, jina Blindekuh lenyewe halikumficha mtu neno. Kwa Kijerumani ndilo jina la mchezo wa watoto, mmoja akifungwa kitambaa machoni na kuwatafuta wenzake. Mume na mke wacheze, wacheke, wasikie tena sauti zao bila simu katikati. Ndoa ya miaka kumi yaweza kunufaika. Sherehe haihitaji kuvikwa kanzu ya sadaka. Na kama wangependa kujua habari za wasioona, mtumishi yupo, naye ana kinywa. Wamwulize amesoma nini, alitafuta kazi wapi kabla ya hii, na alijibiwaje. Lakini wafanye haraka, maana zamu ikiisha hangoji: huvaa koti lake, hushika fimbo yake nyeupe, na kwenda zake kwenye tramu, hali wageni wangali wakibishana barazani ni njia ipi iliyowaleta.